Ute kwetu, kiini kwa watakatifu

Wanangu wamekulia ute wa mayai, na sioni aibu kulisema. Jirani yetu, Aidani Komba, ambaye hapa Mfaranyaki, mjini Songea, wengi tulimwita Baba Violet, alikuwa akichora picha za watakatifu kwa namna ya Wagiriki, nyingi za kupelekwa Iringa. Rangi zao hazichanganywi na mafuta, huchanganywa na kiini cha yai, na ute ukiingia hata kidogo kazi imeharibika. Kwa hiyo alipokuwa na ubao mezani, mkewe Eufrasia, Mungu amrehemu, alipita kwenye uwazi wa ua wetu na bakuli la mfuniko, nami nikaukaanga ule ute kwa vitunguu na nyanya. Eufrasia alipofariki, Baba Violet akawa analeta bakuli mwenyewe. Mume wangu Chande, ambaye ni fundi cherehani na si msemaji, aliwahi kusema kwamba watakatifu wa Iringa wanakula kiini na sisi tunakula mabaki yao. Baba Violet alicheka mpaka akashika mlango.

Mimi ni Myao wa Namtumbo, na nimezaliwa kwenye nyumba ya Kiislamu isiyokuwa hata na kalenda yenye sura ya mtu. Mwanzoni nilipita mbele ya chumba chake cha kazi nikitazama chini. Lakini utapita mlango huo huo mara ngapi bila kuchungulia? Nilichungulia. Nikamkuta anabingirisha kiini kwenye kiganja, kutoka mkono huu kwenda mkono ule, anajifuta, anabingirisha tena mpaka ngozi ya kiini ikakauka. Kisha akakishika kwa vidole viwili kama mtu anayeinua shuka, akakitoboa, kikachuruzika ndani ya kikombe chenye siki kidogo.

"Karibu Mama Twaha," alisema bila kugeuka. "Ute wako huo hapo."

Tangu siku hiyo nikawa nakaa kizingitini na kisu na mboga zangu, yeye anachora na kuongea. Alikuwa na maneno, yule mzee! Alizaliwa Maposeni, akabatizwa Mkatoliki kama wenzake. Ujanani alikwenda Iringa kutafuta kazi kwenye mashamba ya tumbaku ya Wagiriki, na huko akakutana na padri wao mmoja, mzee, aliyekuwa na mbao, brashi na hadithi nyingi. Aliporudi nyumbani alikuwa Mwothodoksi. Baba yake alisusa kumwitikia salamu. Mama yake hakushtuka hata kidogo, kwa sababu naye alikuwa mtu wa kwenda misa asubuhi na kurudi kumwaga unga nyuma ya nyumba kwa ajili ya mahoka, wale wazee wao waliotangulia, na hakuona kosa liko wapi.

"Mama yangu alikuwa Mgiriki bila kujua," Baba Violet aliniambia. Nikamwambia aache kunifanya mjinga. Akaeleza. Wagiriki wa kale walikuwa na miungu yao mingi, na kila kilima kina mwenyewe. Wakaja wafalme Wakristo wakakataza sadaka, wakafunga mahekalu. Mjini watu wakabadilika haraka kwa sababu mjini ndiko kuna vyeo. Wakulima wakaendelea kupanda kilima kile kile, ila sasa na mshumaa badala ya kondoo, wakimwomba nabii Eliya mvua waliyokuwa wakimwomba yule wa zamani. Ndivyo padri wake alivyomfundisha. Tena kulikuwa na nyumba kubwa ya mawe, juu ya mji wa Athene, ya binti wa mungu wao mkuu. Ikafanywa kanisa la Maria. Baadaye wakaja Waturuki, ikawa msikiti.

Chande, aliyekuwa amesimama na suruali ya mteja mkononi, akauliza, "Na sasa ni ya nani?"

"Ya watalii."

"Basi zamu yetu ilikwisha mapema," Chande akasema, akarudi kwenye cherehani.

Hadithi niliyoipenda mimi ni ya ugomvi wa picha. Wagiriki wakiwa Wakristo kamili, kwa karne nyingi, akatokea mfalme akasema picha zote za watakatifu ni sanamu, zitolewe. Askari akapanda ngazi kuivunja picha ya Yesu juu ya lango la ikulu, na wanawake wa mji wakaivuta ngazi akiwa juu. Nilimfanya Baba Violet aisimulie hiyo mara nyingi, na kila mara nilisema safi sana. Lakini wanawake hao waliuawa. Picha zikachomwa, kuta zikapakwa chokaa. Mfalme aliyefuata akawaita maaskofu zaidi ya mia tatu, akawauliza kama wanakubali picha ziondolewe, wakakubali.

"Wote?" niliuliza.

"Wote."

"Hakuna hata mmoja aliyekataa?"

"Ambao wangekataa hawakualikwa." Alikuwa anapaka joho la malaika, akainua brashi. "Aliyezitetea kwa kalamu bila kuguswa alikuwa Yohana wa Dameski. Unajua kwa nini hakuguswa? Alikuwa anakaa nchi ya khalifa wenu. Mkono wa mfalme haukufika."

"Kumbe tumewahi kuwalindia picha zenu."

"Bila kujua," alisema, na tukacheka.

Sikujua kwamba alikuwa ananitayarisha. Msimu wa masika uliopita alianza ubao wake wa mwisho, Mama na Mtoto, ubao wa mninga mdogo wa kutosha kukumbatiwa. Hakuwa na mteja. Nilipomuuliza ni wa nani, alisema ni wake. Watu wa kanisa lake huzikwa na picha takatifu kifuani, na yeye alikuwa amechora za watu wengi lakini hakuwa na yake.

"Violet hataiweka," alisema. "Unamjua mwanangu. Tangu aokoke kule Madaba, akija hapa analala sebuleni ili asiwe chumba kimoja na picha. Mama Twaha, nikifa, hii niwekewe kifuani. Niahidi wewe."

"Mimi Mwislamu nikaingize picha kwenye jeneza la Mkristo?"

"Wewe si umekula ute wake?"

Nikaahidi. Nilicheka wakati naahidi, lakini niliahidi, na alinishika mkono kama watu wanavyofunga jambo.

Katika uchoraji ule uso huja mwisho. Kwanza hupakwa rangi nzito ya giza, kijani na kahawia, uso wote, huoni hata mashavu. Halafu mchoraji anaongeza mwanga kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka mtu anatokea. Baba Violet alikuwa amemaliza mavazi, amemaliza vidole vya mtoto, nyuso mbili ameziwekea giza lake. Asubuhi moja nikaona bakuli halijaja, na kuku wake wanapiga kelele hawajafunguliwa. Nikapita kwenye ua. Alikuwa sakafuni, upande wa kulia umekufa, brashi iko chini ya kiti.

Kiharusi kilichukua mkono, mguu na maneno yote isipokuwa moja. Aliporudishwa kutoka hospitali alikuwa na neno "ndiyo" tu. Ukimsalimia, ndiyo. Ukimuuliza kama ana kiu, ndiyo. Ukimletea maji anayatema, naye anasema ndiyo machozi yakimtoka. Kichwa nacho kilitikisika pamoja na neno. Daktari alituambia ubongo umeumia sehemu ya kusema, na kuhusu anaelewa kiasi gani, hawawezi kujua. Nililia kwa hasira siku hiyo. Mtu aliyekuwa na Wagiriki wote kinywani, leo amebakiwa na neno la kuwakubalia watu!

Violet alifunga duka lake la pembejeo Madaba akaja kumuuguza. Nataka nimtendee haki. Alimwogesha, alimgeuza asipate vidonda, alimlisha uji kwa kijiko akisubiri ameze, na sijawahi kumsikia akimkaripia. Alinisalimia shikamoo kila asubuhi na kuniuliza kama nimeamka salama. Alikuja na mchungaji wake, Brayson, kijana kutoka Mbeya mwenye kanisa la turubai upande wa pili wa barabara. Naye sina la kumzulia. Alipasua kuni, akambeba mzee mgongoni kumtoa juani. Ningepata wa kumchukia ningepumzika.

Tatizo ni kwamba walikuwa wameamini, wote wawili, kwamba ugonjwa umetoka kwenye zile picha. Mkono uliozichora ndio uliokufa. Kwao hilo lilikuwa wazi kama mchana. Wakafunga na kuomba. Siku ya ibada ya nyumbani wakaweka viti uwanjani, wakamleta Baba Violet katikati amefunikwa shuka, nami nikakaa pembeni kama jirani.

Mchungaji Brayson akapiga magoti mbele yake. "Mzee wangu, unampokea Yesu kuwa Bwana na mwokozi wako?"

"Ndiyo."

Watu wakapiga vigelegele.

"Unaziacha sanamu zote ulizozitengeneza kwa mkono wako?"

"Ndiyo."

"Unakubali ziteketezwe, ufunguliwe?"

"Ndiyo," akasema Baba Violet, akalia, na Violet akamkumbatia akalia naye, na waumini wakaimba.

Nilisimama. Sikupanga kusimama. Nikasema kwa sauti, "Baba Violet, wewe ni mbuzi?"

"Ndiyo."

"Mmesikia? Baba Violet, mimi ni mke wako?"

"Ndiyo."

Nilidhani nimeivuta ngazi. Lakini mchungaji alinyanyuka, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, adui anaweza kuchezea kinywa cha mgonjwa kwa maswali ya dhihaka. Swali la Mungu hujibiwa na roho." Wenzake wakaitikia amina. Violet hakukasirika, na hilo lilinimaliza nguvu zaidi. Alinishika bega akanirudisha kitini.

"Mama Twaha, najua unampenda baba," alinong'ona. "Na mimi nampenda. Nataka apone."

Kuni zilikuwa tayari. Wakati wanaleta mbao za chumbani nikaingia chumba cha kazi kwa mlango wa nyuma, nikauchukua ule mdogo uliokuwa umelala kifudifudi dirishani, nikaufunga kwenye kanga na kupita kwenye ua. Huko nyuma nikasikia mbao zinaanza kulia motoni. Gundi na chaki inayopakwa ubao kabla ya rangi hutoa harufu ya mfupa unaoungua.

Chande alikuwa mlangoni. Aliitazama kanga na kuelewa. "Nasma, malaika hawaingii nyumba yenye picha."

"Najua."

Alifikiri, uzi ukiwa bado mdomoni. "Weka jikoni. Jikoni hatuswali."

Kwa hiyo Mama na Mtoto wakakaa jikoni kwangu, kwenye banda la nje, nyuma ya ungo, uso kwa ukuta. Nilijiambia kwamba kazi imebaki moja, kusubiri, na kwamba nimemwokolea ubao wake. Nilijisikia mtu wa maana, nikajiona yule Yohana wa Dameski kabisa.

Wiki kadhaa baadaye Violet alikwenda ibadani akaniomba nimkalie mzee. Nikachukua kanga yangu. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo kama mtoto anavyosubiri Idi. Nikamwinua kwenye mito, nikafungua, nikamwekea ubao mapajani. Aliutazama muda mrefu. Mkono wa kushoto ukapanda polepole ukagusa shavu la Mama lile la giza, vidole vikapita juu yake kwenda na kurudi, vilevile kama alivyozoea kukagua kama rangi imekauka.

"Ninayo mimi," nilimwambia. "Haikuungua. Bado unataka uzikwe nayo?"

"Ndiyo."

Nikafurahi, nikabusu mkono wake, mimi Nasma. Halafu nikakumbuka kwamba neno hilo ndilo alilompa mchungaji. Nikamtazama machoni, nikauliza, na natamani ningefunga mdomo wangu, "Au umeokoka kweli, Baba Violet? Yale ya siku ile yalikuwa moyo wako? Nikaichome?"

"Ndiyo," alisema, na machozi yakamshuka kama siku ile uwanjani, sawasawa kabisa.

Nilijaribu kila njia. Nikamwambia afumbe macho kama anaitaka. Alifumba. Nikamwambia afumbe kama haitaki. Alifumba. Nikamwambia aninyime ubao, aushike nisiuchukue. Nilipovuta, vidole vilishika, lakini vilikuwa vinashika chochote, hata shuka, hata kijiko cha Violet. Kama angeamka mtu mpya ndani yake, angesema vile vile. Kama alikuwa yule yule, akinililia nimtoe mikononi mwao, angesema vile vile pia. Mchungaji alisikia alichotaka kusikia, na mimi ni nani niliyesikia tofauti? Nikafunga kanga, nikamfuta machozi, tukakaa. Kuku wake walikuwa wanaparua chini ya dirisha na mayai yalikuwa yanalala huko bila mtu wa kuyaokota.

Alifariki mwezi wa saba, baridi ya Songea ikiwa imekaza, saa za asubuhi, Violet akimlisha uji. Nilisikia kilio nikiwa natwanga. Nilikwenda, nikasaidia, nikapika na wanawake wa mtaa sufuria kwa sufuria kama inavyopasa. Lakini akili yangu yote ilikuwa nyuma ya ungo. Ahadi niliitoa kwa mtu mwenye maneno yake yote kamili, na huyo ndiye niliyemjua. Niliamua hivyo. Siku ya mazishi nikajifunga kanga mbili, na kati yake na tumbo langu nikaufunga ubao.

Chande aliniona ninavyotembea nimenyooka, akasema, "Utaangusha." Hakusema nisiende.

Wakatangaza heshima za mwisho, tukapanga mstari. Mchungaji Brayson alikuwa akisema kwenye kipaza sauti jinsi mzee alivyoziacha sanamu kwa kinywa chake mwenyewe, na kwamba leo yuko huru. Watu walipita mmoja mmoja. Nilikuwa nimepanga kuinama kama ninayelia, kupenyeza mkono, kusukuma ubao chini ya koti la suti aliyovalishwa. Jambo la kufumba na kufumbua. Mikono yake waliilaza kifuani, imepishana, na katikati hapakuwa na kitu.

Nikainama. Ubao ukagonga ukingo wa jeneza.

Violet alikuwa amesimama kichwani pa baba yake. Alitazama tumbo langu, akaona pembe ya mninga imechomoza kwenye kanga, na sehemu ndogo ya dhahabu ya picha. Alijua mara moja ni nini. Amekulia katikati yao. Nilingoja apige kelele. Laiti angepiga kelele, pengine ningepata nguvu. Aliinama karibu yangu, uso umevimba kwa kulia, hajalala, mikono imepasuka kwa kufua mashuka ya baba yake miezi yote ile, akaninong'oneza kama mtoto anayeomba, "Mama, alikubali. Si ulikuwepo? Si alikubali kweli?"

Nilikuwa na mengi. Nilikuwa na mbuzi, na kidole kinachopita juu ya shavu, na mkono ulioshikwa msimu wa masika. Nilimtazama yule binti, ambaye maisha yake yote yaliyobaki yatakaa juu ya jibu langu.

"Ndiyo," nikasema.

Akanikumbatia, ubao ukiwa katikati yetu. Kisha akina mama wa kanisa wakanishika mikono wakanipitisha, na nyuma yangu nikasikia mfuniko unafungwa.

Picha iko jikoni bado. Moshi umeifanya nyeusi zaidi, na nyuso mbili ukizitazama sasa huwezi kusema ni za watu. Chande hajaniuliza. Baadhi ya siku naigeuza, naifuta kwa kitambaa kikavu, nairudisha, kisha naenda kutawadha.

Violet hajarudi Madaba. Jana alipita kwenye uwazi wa ua, akanisalimia shikamoo, akanipa lile bakuli la mfuniko la mama yake. Alisema kuku wa baba wanataga sana na yeye peke yake hayamalizi. Nilipofungua nilikuta mayai mazima, yana joto bado. Nikatia kikaango motoni, nikakata kitunguu, nikapasua la kwanza. Kiini kikaanguka kwenye bakuli pamoja na ute wake, nami nikasimama pale nikikitazama, sijui nikifanyie nini.